KIPANDE KIMEHAMIA KATIKA SIMU YA KONTRAKTA



Wengine mtauliza mtu wa reli ana shauri gani na kazi ya ujenzi. Jibu ni fupi. Kazi nyingi za kutengeneza njia, madaraja na majengo siku hizi hupewa makontrakta, na vibarua wa makontrakta ni ndugu zetu, tunapanga nao nyumba Kaptembwa na Bondeni. Jambo linaloanzia kwa mwashi leo litafika kwa mtu wa njia ya reli kesho. Tena ile barabara kubwa ya kutoka Rironi hadi Mau Summit ilizinduliwa mwishoni mwa Novemba 2025, na ndani yake zimo fedha za NSSF, yaani akiba ya uzee ya kila mmoja wetu anayekatwa mshahara. Mtu ambaye fedha zake zimo kazini ana haki ya kuuliza kazi hiyo inaandikwa vipi.

Na neno lenyewe ni hilo la kuandika. Zamani karani alikaa langoni na daftari la majina. Ukifika asubuhi aliita jina, ukaitika, akatia alama. Jioni uliweza kuchungulia juu ya bega lake ukaona alama yako ipo au haipo, na kama haipo ukapiga kelele palepale mbele ya wenzako. Siku hizi penye mijengo mingi langoni pana kimashine chenye kioo. Unaweka kidole gumba, kinalia, taa ya kijani inawaka, unapita. Habari ya kidole chako inakwenda kwenye programu, na programu inajua umeingia saa ngapi, umetoka saa ngapi, umewekwa ghorofa gani, na kazi uliyopewa imefika asilimia ngapi. Mkubwa aliye Nairobi, au aliye ng'ambo, hufungua simu yake akayaona yote hayo huku anakunywa chai. Wewe mwenye kidole huoni kitu.

Haya wanayaita mageuzi ya kidijitali, na magazeti huyasifu. Mimi sipingi mashine. Napinga jambo moja tu, kwamba hesabu ya jasho letu ikae upande mmoja.

Sikilizeni mambo yalivyo. Saruji hula ngozi. Mtu aliyechanganya zege au kupiga plasta miezi miwili, vidole vyake huwa laini kama sahani, mistari yote imefutika. Kila mwashi anajua. Kimashine nacho hakisomi mkono wa mtu, husoma mistari. Basi aliyefanya kazi nyingi zaidi ndiye hukataliwa upesi zaidi, na karani mwenye mikono mororo hupita bila taabu. Kijana wa jirani yangu alikuwa mtu wa mkono kwenye jengo moja la ghorofa hapa mjini. Kontrakta wake sitamtaja. Katika majuma mawili kimashine kilimkataa siku tano. Siku zote hizo alifanya kazi, alibeba mawe, nyapara alimwona, wenzake walimwona. Siku ya malipo M-Pesa ikaingia, na zile siku tano hazimo. Alipouliza, karani akamwambia, "Mashine imesema hukuja." Nyapara akatazama chini. Tangu lini kioo kikawa shahidi, na mtu mwenye macho mawili akawa si shahidi?

Tena siku tano za mshahara ni hasara ndogo. Fikirini mtu huyo angeanguka kutoka ghorofa ya tatu katika mojawapo ya siku hizo. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007 inampa haki mfanyakazi aliyeumia kazini. Lakini je, alikuwa kazini? Kontrakta ataleta karatasi iliyotoka kwenye kompyuta, nzuri, safi, yenye saa na dakika, na jina la marehemu halimo. Mjane ataanzia wapi? Atamwita shahidi gani, na vibarua wenzake wameshatawanyika, mmoja Eldoret, mwingine Kericho?

Najua watakavyotujibu. Watasema daftari la karatasi lilijaa uongo, kwamba manyapara walikuwa wakiandika wafanyakazi hewa na kula mishahara yao, na kwamba kibarua hakuandikwa asipotoa kitu kidogo. Ni kweli, na wala sitaki daftari la nyapara wa namna hiyo lirudi. Kama kimashine kimemziba mdomo, vizuri sana. Lakini mwizi wa karatasi alikuwa mbele yetu, tuliweza kumshika shati. Anayeweza kugeuza hesabu ndani ya programu yuko wapi? Jina lake nani? Kila programu ina mtu mwenye ufunguo wake, naye hufungua saa yoyote akaongeza au akapunguza, na kioo hakibaki na alama ya kifutio. Waliosoma mambo haya wananiambia kwamba programu nzuri hutunza kumbukumbu ya kila badiliko, nani alibadili na saa ngapi. Basi kumbukumbu hiyo ifunguliwe mbele ya mjumbe wa wafanyakazi kila siku ya malipo. Kontrakta asiye na la kuficha atakataa kwa sababu gani?

Wazee wetu walikijua kidole kabla yetu. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilitungwa 1915, ikaanza kushika watu barabara baada ya ile vita kuu ya kwanza, kuanzia 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza umri alibebeshwa kipande: jina lake, alama za vidole vyake, tajiri aliyemwajiri, mshahara, na siku aliyoacha kazi. Kilitiwa katika kikopo cha chuma kikaning'inizwa shingoni kama kengele ya mbuzi. Ukikamatwa huna, ni faini au jela. Harry Thuku alisimama kupinga kipande na kodi na kupunguzwa kwa mishahara, akakamatwa Machi 1922, na watu waliokusanyika Nairobi kumdai walipigwa risasi. Kipande hakikuondolewa mpaka mwishoni mwa miaka ya 1940.

Sasa simameni hapo mfikiri. Kipande kile cha ukoloni, pamoja na uovu wake wote, kilikaa shingoni mwa mfanyakazi. Tajiri akiandika uongo juu yake, mtu aliweza kukipeleka kwa anayejua kusoma akasomewa uongo huo. Kipande cha leo kina kidole vilevile, kina mshahara vilevile, kina siku ya kuacha kazi vilevile, lakini hatukibebi sisi. Kimo katika simu ya kontrakta. Sisemi ukoloni ulikuwa bora. Mtu asinigeuzie maneno. Nasema hata mkoloni hakutuficha alichoandika.

Na hapa kwetu Bonde la Ufa, katika mashamba ya masetla, palikuwa na tikiti ya siku 30. Mtu alilipwa alipomaliza siku 30 zilizotiwa alama, si siku 30 za mwezi. Siku ambayo nyapara hakuitia alama haikuwa siku, hata kama ulipalilia pareto mpaka jua likazama. Waliokulia Molo na Njoro waliyasikia haya kwa babu zao. Kijana wa jirani yangu hakuyasikia kwa mtu, ameyaona mwenyewe.

Mtu asidhani nachukia kuandikwa. Reli yenyewe ni fundisho. Ilianza kujengwa Mombasa 1896, ikafika hapa Nakuru 1900, na ziwani Kisumu Desemba 1901. Twajua kwamba Wahindi walioletwa kwa mkataba kuijenga walikuwa karibu 32,000, na kwamba karibu 2,500 kati yao walikufa. Tumejuaje? Kwa sababu kila mmoja alikuwa na mkataba, na daftari lilitunzwa. Lakini Waafrika waliofyeka vichaka, waliobeba maji na kuchimba udongo, nani atatupa hesabu yao kamili, waliokuja na waliokufa? Asiyekuwepo na lake halipo. Wazee wa biashara wa pwani nao husema mali bila daftari hupotea bila habari, na mali ya kibarua ni siku zake. Hana nyingine. Kwa hiyo twataka kuandikwa, tena kuandikwa sana. Ila twataka na sisi tuwe na nakala.

Watu wa reli wanaelewa jambo hili upesi kuliko wengine. Kwenye njia moja treni mbili haziwezi kupishana katikati. Ndiyo maana tangu enzi za treni za moshi dereva hakuingia sehemu ya mbele mpaka ashike mkononi mwake ushahidi kwamba njia ni wazi. Mahali pengine ulikuwa karatasi, pengine kipande cha chuma kilichotolewa katika chombo cha stesheni. Haikutosha stesheni masta kusema, "Niamini, nimeandika kwangu." Huyu alikuwa na wake, na yule alikuwa na wake, na kitu kikiharibika wachunguzi walilinganisha. Wakubwa wa reli hawakuweka kanuni hiyo kwa kumpenda dereva. Waliiweka kwa sababu injini zikigongana hasara ni yao. Kibarua akipoteza siku tano hasara si yao, kwa hiyo hawana haraka.

Hebu nigeukie na ile chati ya mistari iliyobandikwa katika ofisi ya injinia, ambayo siku hizi imo ndani ya kompyuta. Si kitu kigeni. Mmarekani Henry Gantt alieneza chati kama hizo zaidi ya miaka 100 iliyopita, na mwaka 1957 na 1958 kampuni ya DuPont na jeshi la majini la Marekani zikaongeza hesabu ya kuonyesha ni kazi gani ikichelewa huzichelewesha zote. Kompyuta hupiga hesabu hiyo upesi sana. Ni elimu nzuri, hata treni hupangwa kwa akili ya namna hiyo. Lakini chati inajua kile tu ilichoambiwa, na anayeiambia hakai shimoni. Masika yakija Aprili mtaro unajaa maji, na mstari bado unasema mtaro umekwisha. Machi 2018 ardhi ilipasuka karibu na Mai Mahiu ikakata barabara ya Narok. Ni chati gani yenye mstari wa jambo kama hilo?

Mstari ukigeuka mwekundu ofisini, nani huadhibiwa? Si yule aliyeandika kwamba kazi ya siku sita itakwisha kwa siku tatu. Ni mwenye beleshi. Ataambiwa abaki mpaka usiku, na ziada ya saa zile haiandikwi kwa sababu alipoingia langoni kimashine kilimhesabia siku moja. Kibaya zaidi, ataambiwa atoe mbao na nguzo zinazoshikilia zege, kwa sababu mstari unasema Jumatano. Zege haisomi mstari. Mainjinia wenyewe hupima nguvu yake ya siku ya 28. Fundi mzee akigonga kwa nyundo, akasikiliza, akasema "bado", hilo "bado" lake linaandikwa wapi? Katika programu nyingi pana mahali pa kuandika "imekwisha", na pana mahali pa kupiga picha kuthibitisha kwamba imekwisha, na simu ya kufanya hivyo anayo nyapara. Twataka fundi naye awe na mahali pa kuandika "bado", kwa jina lake na saa yake, ili siku jengo likianguka ijulikane nani alionya na nani aliamuru.

Kuna hila nyingine, ndogo, nayo ndiyo inayowala vibarua wengi. Siku hizi watu huitwa kazini kwa gurupu la WhatsApp. Usiku nyapara huandika majina ya kesho. Siku moja unafungua simu, umeondolewa katika gurupu. Hakuna barua, hakuna sababu, hakuna hata kuagana. Sasa Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, yasema kibarua akifanya kazi mfululizo siku zinazofikia mwezi mmoja, au akifanya kazi ambayo haitarajiwi kwisha kabla ya miezi mitatu, mkataba wake huhesabiwa kuwa wa mwezi. Hapo anaingia katika haki ya notisi na nyinginezo. Nyapara wa zamani alikuwa akisahau kuhesabu, na kusahau kwake kulitufaa. Programu haisahau. Humwambia kontrakta kwamba leo ni siku ya 26 ya fulani. Jina hufutwa, kisha hurudishwa juma la pili kama la mtu mpya aliyetoka mbinguni. Vibarua wa zaidi ya mjengo mmoja wametusimulia hivyo, na walikuwa hawajuani.

Wakituambia kwamba kumpa kibarua nakala yake kila siku ni kazi kubwa na ya gharama, tuwacheke. Nendeni soko la Wakulima hapa Nakuru. Mama anayeuza sukuma akilipwa shilingi 50 kwa M-Pesa, ujumbe unamfikia yeye na mnunuzi wake kabla hajafunga mfuko. Jambo hili nchi hii inalifanya tangu 2007. Mama mboga ana risiti ya shilingi 50, na mtu aliyemwaga zege kutwa hana risiti ya siku yake! Programu inayoweza kumwambia mkubwa wa ng'ambo kwamba ghorofa ya nne imefika asilimia 60 haishindwi kumwambia Wanjala wa Rhonda, jioni, kwa maneno machache ya Kiswahili: leo umeingia saa moja, umetoka saa kumi na mbili, saa zako ni hizi, pesa zako ni hizi. Asiyekuwa na simu apewe karatasi. Wakikataa kufanya jambo rahisi namna hiyo, mjue sababu si gharama.

Sheria ipo, ndugu zangu, hatuombi sadaka. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu alama ya kidole kuwa kitu chako. Una haki ya kuambiwa inachukuliwa kwa kazi gani, ya kuona kilichoandikwa juu yako, na ya kusahihishiwa palipo na kosa. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kutoamuliwa na mashine peke yake katika jambo linalogusa haki zako, ila kwa hali zilizotajwa humo. Na Sheria ya Ajira yenyewe imemtwika mwajiri kazi ya kutunza maandishi ya masharti ya kazi. Akishindwa kuyaleta mbele ya korti, mzigo wa kuthibitisha unakuwa wake. Wangapi kati yetu waliambiwa haya siku walipobonyeza kidole? Na kontrakta akimaliza jengo na kufunga virago, vidole vyetu anakwenda navyo wapi?

Sasa neno kwa viongozi wetu, na wasikasirike. Nimesoma mapatano kadhaa yaliyotiwa sahihi kati ya vyama na matajiri. Yanataja mshahara, buti, helmeti, likizo, posho ya nyumba. Juu ya kimashine cha langoni na programu ya nyapara sikuona hata sentensi moja. Tunapigania bei ya siku, halafu tunamwachia tajiri peke yake kusema siku zilikuwa ngapi. Mwaka 1937 mafundi wa ujenzi wa Nairobi, chini ya chama cha Makhan Singh, walishika mgomo siku 62 mpaka wakapata nyongeza. Hawakungoja waziri awaonee huruma. Sisi twangoja nini, hali tuna katiba ya 2010 ambayo kifungu chake cha 41 chataja wazi haki ya kazi, ya chama na ya kugoma?

Katika mapatano yajayo mambo haya yaandikwe. Kila mfanyakazi apate nakala ya siku yake jioni ileile. Kidole kikikataliwa, pawe na daftari la pili langoni, litiwe sahihi na nyapara na mjumbe wa wafanyakazi, na daftari hilo liwe na nguvu sawa na mashine. Mtu asifukuzwe wala kukatwa kwa neno la programu kabla mtu mwenye jina hajamsikiliza. Na chati ya juma isomwe kwa Kiswahili mbele ya genge kila Jumatatu, ili wenye mikono waseme kama inawezekana. Hilo la mwisho matajiri watalipinga kuliko yote, mtaona.

Mpaka siku hiyo, msikae mikono mitupu. Kila kibarua anunue daftari dogo la dukani. Aandike tarehe, saa ya kuingia na kutoka, jina la nyapara, kazi aliyofanya, na mwenzake atie sahihi chini yake. Kimashine kikikukataa, kipige picha palepale taa nyekundu ikiwaka. Gurupu likikuondoa, usifute maneno yaliyokuwamo. Walio na hesabu zisizolingana na M-Pesa yao wazilete ofisi ya tawi Jumamosi baada ya kazi, tutazipanga pamoja mjengo kwa mjengo kabla ya kumwandikia afisa wa kazi. Asiyejua kuandika na aje na mtoto wake wa shule, au aje peke yake, tutamwandikia sisi.

Mimi ni
Mtu wa Njia, Reli, Nakuru